Kijiko si buldoza: kisa cha shamba la mipera huko Mtambwe

Nilipigiwa simu asubuhi ya Jumanne, mwisho wa Septemba, nikiwa karakana kwangu Chake Chake, Pemba. Trekta limelala shambani upande wa Mtambwe, hozi imepasuka, oili nyingi imenywewa na ardhi, na mwenye trekta na mwenye shamba hawasemezani. Mimi ni fundi wa haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa na oili. Kazi yangu ni kwenda, kufunga hozi mpya, kulipwa na kurudi. Safari hii nilikaa, kwa sababu nilichokikuta kule hakikuwa ugonjwa wa hozi.

Shamba lenyewe ni eka tatu, katika zile zilizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Mzee aliye nalo sasa amelirithi kwa baba yake. Namwita Ami kwa umri wake, si kwa damu. Juu, penye tambarare, imebaki mikarafuu 23 ya zamani. Chini yake unashuka mteremko mpaka bonde la mpunga, na mteremko huo ndio uliofungwa. Watoto wa Ami wako Unguja na Dar es Salaam, yeye magoti hayampi tena, na kwa miaka 15 hivi hakuna aliyepitisha panga. Pemba ukiacha shamba misimu miwili, masika na vuli, njia imeshapotea. Kwa miaka 15 huoni hata minazi yako iko wapi.

Kilichoota pale zaidi ni mipera, ile inayoletwa na ndege na popo, imesongamana mti kwa mti. Katikati yake lantana yenye vimaua vya rangi mbili, mikwamba, na juu ya vyote kamba za upupu zimetandikwa kama nyavu. Ami alikuwa anataka mteremko ule ufunguke ili masika yakifika apande miche ya mikarafuu. Vibarua wa mapanga walifanya siku nne wakachoka. Ndipo akaambiwa akodi trekta lenye kijiko.

Niseme ninakusudia nini nikisema kijiko, maana kwetu wengi wakilisikia neno hilo wanaiona ile mashine kubwa ya kuchimba mitaro ya barabarani. Hapa nasema ndoo ya chuma iliyofungwa mbele ya trekta la kawaida la shamba. Ndoo imebebwa na mikono miwili. Mikono ina jeki zake mbili za kunyanyua na kushusha, na ndoo ina jeki zake mbili za kuikunja na kuikunjua. Nguvu inatoka kwenye pampu ya trekta, inapita kwenye hozi, inaingia kwenye jeki. Trekta hili lilikuwa la farasi 50 hivi, forwili, na halikuwa na tatizo lolote. Dereva naye ni kijana hodari, amelima mabonde ya mpunga miaka mingi. Kichaka hakuwahi kukifanyia kazi.

Nilimkuta amekaa kivulini, mikono imevimba kwa upupu. Nikamwambia, "Yakhe, nihadithie ulivyofanya, tangu mwanzo, usifiche kitu." Akanihadithia, na kila alilosema nililiona ardhini.

Alinyanyua ndoo usawa wa kifua cha mtu, akarudi nyuma hatua kumi, akaja kwa kasi akakigonga kichaka. Mipera ikalala. Akapita juu yake. Trekta lilipokwisha kupita, mipera ikasimama tena, mingine imevunjika kichwa, mingine haina hata mkwaruzo. Akarudi akagonga tena. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Mchana akabadilisha: akaishusha ndoo chini kabisa, akailaza, akasukuma kila kitu mpaka ukingoni mwa shamba. Siku ya pili yake mpera mmoja uliolazwa uliponyoka chini ya ekseli ya mbele, ukaruka juu, ncha yake ikaingia baina ya mkono wa kijiko na fremu ya trekta, pale hozi zinapopita, ikaichana moja. Hapo ndipo simu ilipokuja kwangu.

Kila mtoto wa Pemba aliyewahi kukata panda ya manati anaujua mpera. Tunauchagua kwa manati na kwa mipini ya majembe kwa sababu hauvunjiki; unapinda, halafu unarudi. Mti wa namna hiyo ukiusukuma kwa juu hupati kitu. Nguvu yote uliyoiweka unauwekea akiba, nao utakurudishia. Na hata ukibahatika kuuvunja, umeuvunja mahali pasipo na faida, kwani mpera una macho ya kuchipua pale shina linapoingia ardhini na kwenye mizizi inayotambaa. Umekata mti mmoja, umepanda mitano.

Hilo ni la mti. La mashine ndilo linalonihusu mimi zaidi, na ndilo ninalotaka lieleweke kwa yeyote anayefikiria kukodi trekta la aina hii.

Buldoza limeundwa kusukuma. Bapa lake limefungwa chini, karibu na fremu, uzito wake wote uko nyuma ya bapa, na linatembea kwa minyororo. Kijiko cha trekta kimeundwa kunyanyua. Mikono yake ni mirefu na myembamba, imeshikwa na pini na bushi, na ukigonga kitu kwa kasi, mgongano wote unakwenda kwenye pini hizo na kwenye ekseli ya mbele. Kona moja ya ndoo ikigusa kisiki na kona nyingine haijagusa kitu, mikono inajisokota. Nilipima mikono ya trekta lile kwa kamba, nikaweka ndoo juu ya ubao ulionyooka: upande wa kulia ulikuwa umeinuka kiasi cha upana wa kidole. Siku mbili tu za kugonga. Mikono ikishapinda, jeki moja inafanya kazi zaidi ya mwenzake, sili zinaanza kuvuja, na hapo unaanza safari ya kuja kwangu kila mwezi.

Nguvu ya kijiko iko kwenye kukunja. Ndoo ukiitia mdomo chini ya kitu, ukaikunja kwa jeki zake, inabanjua kwa nguvu kubwa kuliko ile ambayo mikono inaweza kunyanyulia, kwa sababu mdomo uko karibu na pini inayozungukia. Ni mtaimbo ule ule wa mkononi, ila unasukumwa na oili. Dereva yule alikuwa na mtaimbo akautumia kama nyundo.

Hozi yenyewe ilichukua saa moja na nusu, pamoja na kusubiri kijana arudi na oili. Lakini kuna jambo lilitokea kabla sijaanza ambalo siwezi kulipita. Dereva alitaka kunionyesha pale inapovuja. Hozi ya pili, iliyobaki, ilikuwa na mkwaruzo na inatoa unyevunyevu. Akawasha injini, akapeleka kiganja kuipapasa. Nilimpigia kelele mpaka Ami akatoka kwenye kibanda. Oili iliyo ndani ya hozi ile iko kwenye msukumo mkubwa mno. Ikitoka kwenye tundu jembamba kama la sindano inapenya ngozi, inaingia mkononi, na mtu huona tundu dogo tu lisilouma sana. Baada ya saa chache nyama ya ndani inaanza kufa. Anayepigwa na oili hivyo hapelekwi nyumbani kupumzika, anapelekwa hospitali saa ile ile, na madaktari wanaambiwa kuwa ni oili ya haidroliki. Anayetaka kujua pavujapo anapitisha kipande cha boksi, asimame mbali. Na kabla ya kufungua kitu chochote, ndoo inalazwa chini, injini inazimwa, halafu liva za kuendeshea ndoo zinachezeshwa huku na huku mpaka msukumo uliobaki uishe. Yote haya tuliyafanya, kisha ndiyo nikatia spana.

Wakati natafuta oili ya kujazia, Ami alinishika mkono akanipeleka ukingoni, kwenye lile fungu la takataka zilizosukumwa. Hakusema kitu. Aliinama kwa tabu, akaingiza mkono kwenye fungu, akatoa konzi ya udongo mweusi, mlaini, umejaa vijizizi na majani yaliyooza. Akaumimina kwenye kiganja changu. Kisha akanionyesha kwa fimbo pale udongo ulipotoka: robo eka nzima imekwanguliwa, nyekundu, ngumu, inang'aa kama sakafu. Lile fungu lilikuwa na udongo zaidi kuliko miti.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi nilitaka wanitolee mipera. Wamenitolea shamba."

Kwa miaka 15 kichaka kile, pamoja na uadui wake wote, kilikuwa kinaangusha majani na kutengeneza udongo. Faida pekee ya kuliacha shamba ilikuwa hiyo, na ndiyo iliyosukumwa ukingoni kwa mchana mmoja. Ndoo bapa haichagui. Ukiilaza chini na kwenda mbele inakusanya kilicho juu, na kilicho juu ndicho chenye rutuba. Kwenye mteremko hasara ni mara mbili, kwa sababu mvua ya kwanza itakayopiga pale palipokwanguliwa itachukua na kilichobaki ikakitie kwenye mpunga wa watu bondeni.

Hapo nilimwambia mwenye trekta asiendelee. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu kama tofali, na mizizi imeshikwa. Tukakubaliana wasubiri vuli ifungue, mvua mbili tatu, halafu siku mbili za jua. Udongo ukiwa na unyevu wa kiasi mzizi unateleza ukatoka. Ukiwa umelowa matairi ndiyo yanayoteleza, na kwenye mteremko sitaki kulisikia hilo. Kwa nafasi ile nikalichukua trekta karakana. Niliinyosha mikono kadiri ilivyowezekana, nikachomelea meno sita kwenye mdomo wa ndoo, ya urefu wa shubiri, yenye nafasi baina yake. Chini ya tumbo la trekta nikafunga bati nene, na hozi nikazivisha mpira wa tairi kuukuu. Wavu wa chuma nikauweka mbele ya rejeta, kwa kuwa mbegu na majani makavu yakiziba rejeta injini inachemka bila dereva kujua.

Na nyuma nikalipa uzito. Hili watu hulidharau. Kijiko kikibanjua kitu kizito mbele, trekta linataka kuanguka kwa pua: magurudumu ya nyuma yanapoteza mshiko, ekseli ya mbele inabeba kila kitu, na kwenye mteremko huo ndio mwanzo wa kupinduka. Tulichukua pipa, tukalijaza zege pamoja na chuma cha kuning'inizia, tukalifunga kwenye mikono mitatu ya nyuma. Dereva alipoliendesha mara ya kwanza akasema limekuwa trekta jengine.

Tulirudi Mtambwe katikati ya Oktoba. Safari hii watu walitangulia, mashine ikafuata. Vibarua wa mwanzo walikuwa wamekata mipera kwa mshazari, urefu wa goti, na kila kisiki kimebaki kama mkuki. Tairi moja lilikuwa limeshatobolewa hivyo kabla hata ya hozi kupasuka. Sasa tukawaambia: mti mwembamba kuliko mkono wa mtoto, kata chini kabisa, sawa na ardhi, tutaung'oa kwa sururu. Mti mnene kuliko hapo, punguza matawi tu, uache shina usawa wa kiuno, maana shina hilo ndilo litakalotusaidia. Na upupu wote uondolewe mwanzo, asubuhi na mapema, ukiwa na umande, wakati manyoya yake hayaruki.

Nitaeleza mpera mmoja, kwa sababu mingine yote ilikwenda hivyo hivyo. Ulikuwa mnene kama paja. Dereva alikuja polepole kwa gia ya kwanza nzito, akitokea chini ya mteremko akielekea juu, ndoo iko chini. Alisimama umbali wa hatua moja kutoka kwenye shina, akaiinamisha ndoo mpaka meno yakaelekea chini, akayazamisha ardhini kiasi cha shubiri moja. Halafu akaenda mbele kidogo sana, kama mtu anayesogeza mkeka. Tukasikia mlio wa kukatika, kama kamba mbichi: mizizi ya upande ule. Akarudi nyuma, akazunguka, akafanya hivyo upande wa pili. Mara ya tatu aliingiza meno chini ya shina lenyewe, akaacha kwenda mbele, akaikunja ndoo. Ardhi ikavimba. Ufa ukazunguka shina, na udongo ukaanza kuporomoka baina ya meno. Nilinyanyua mkono, akasimama. Kijana mmoja akakata kwa shoka mzizi uliokuwa umenyooka kama waya. Akatoka, akasogea mbali, ndipo nilipoushusha mkono. Dereva akakunja tena, na mpera ukatoka mzima na mizizi yake, umelala juu ya meno. Akautikisa mara tatu kwa liva, taratibu, udongo wote ukarudi shimoni. Kazi yote ilikuwa kama dakika nne.

Kwa kugonga, mpera kama ule alikuwa anaupiga nusu saa na haukutoka.

Sharti letu lilikuwa moja kwa watu waliokuwa wakikata mizizi: hakuna anayekaribia mpaka ndoo imesimama na dereva ameonyesha viganja vyote viwili nje ya liva. Hakuna aliyelivunja. Na dereva naye hakuinyanyua ndoo juu ya usawa wa magoti akiwa na mzigo. Mzigo ukipanda, kitovu cha uzito wa trekta kinapanda nao, na kishimo kimoja cha kuku chini ya tairi kinatosha kulilaza. Alikwenda juu na chini tu, hakukata mteremko kwa ubavu hata mara moja.

Pako mahali tulipolikataza trekta kabisa. Karibu na mikarafuu ile 23 halikuingia. Mkarafuu unakula kwa mizizi myembamba iliyo juu juu ya ardhi, na tairi la trekta likipita pale mara kadhaa linaishindilia na kuikata. Chini ya mivuli ya mikarafuu tulifanya kwa panga na sururu, siku tatu, na ndiyo iliyokuwa kazi ngumu kuliko zote. Kulikuwa pia na mzambarau mmoja mkubwa katikati ya mteremko. Dereva alitaka kuujaribu. Nilikataa, Ami akafurahi. Kumbe alikuwa akipumzika chini yake tangu mtoto.

Ndugu zangu wa Makunduchi au wa Micheweni wakisoma haya wasikimbilie kukodi. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, ambako udongo umejificha kwenye vishimo baina ya majabali, meno ya kijiko yananasa jiwe badala ya mzizi, na mikono itapinda siku ya kwanza. Kule panga na shoka bado ndiyo mashine.

Miti iliyotoka hatukuichoma. Kina mama wa kijijini walichukua kuni walizozitaka, na matawi yaliyobaki tukayalaza kwa mistari kukata mteremko, mstari mmoja kila hatua 15 hivi, ili maji ya mvua yakishuka yaache udongo nyuma ya matawi. Eka moja na nusu ilituchukua siku tano.

Nilirudi mwezi wa Machi, masika yakianza. Sehemu tuliyoing'oa kwa kukunja ilikuwa na machipukizi ya mpera hapa na pale, membamba, mtu anayavuta kwa vidole viwili yanatoka na mzizi. Sehemu iliyogongwa siku za mwanzo, ambayo hatukuwahi kuirudia, ilikuwa imeshafunga kiunoni, kila kisiki kimetoa matano, sita. Ile robo eka iliyokwanguliwa ilikuwa haina kitu ila mifereji miwili iliyochimbwa na maji ya vuli.

Ami ameshapanda miche 40, kila mmoja umejengewa kivuli cha makuti na migomba ubavuni. Pale pekundu hajaweka hata mmoja. Amewalipa vijana wawili wanaurudisha udongo wa lile fungu kwa mapolo, wanaumwaga, wanapanda kunde juu yake. Nilipoondoka walikuwa wamefika nusu.